Cheche ni ya mwanafunzi, korido ni ya chuo

Tangazo hutoka mapema, wakati mwingine hata kabla maji ya zimamoto hayajakauka kwenye ngazi. Karatasi ina nembo ya chuo, ina kumbukumbu namba, na inaonekana kabisa kwamba kuna mtu wa ofisi ya uhusiano amekesha akipima kila neno. Moto umezuka katika bweni la wanafunzi. Umedhibitiwa. Chanzo kinachunguzwa, ingawa aya ya tatu inadokeza kwamba kuna kifaa cha umeme kilichokuwa kikitumiwa kinyume cha taratibu. Wanafunzi wanaombwa wawe watulivu, wazazi wanaombwa wapuuze uvumi, na ratiba ya masomo inabaki kama ilivyo.

Lisome tangazo kama hilo kwa jicho la mwalimu wa sarufi. Moto "umezuka", kama uyoga baada ya mvua. Hali "imedhibitiwa", haijulikani na nani. Mlango wa dharura hautajwi kabisa. Katika karatasi nzima kuna kitenzi kimoja tu chenye mtu nyuma yake, nacho ni kutumia kifaa. Mtu huyo ni mwanafunzi.

Simtetei mwanafunzi. Mara nyingi ni kweli: heta, jiko la koili, pasi iliyosahauliwa juu ya kitanda, mshumaa siku umeme umekatika, kipisi cha sigara. Jengo linalolaza vijana mia tatu lina mikono mingi na usingizi mzito. Lakini moto wa bweni una maswali mawili, na ustadi wa matangazo haya ni kuyafanya yaonekane kuwa moja. Swali la kwanza ni ulianzaje. La pili ni ulitokaje chumba kimoja ukafika vingine, na kwa nini waliokuwa ghorofa ya juu walichelewa kujua. Jibu la la kwanza kwa kawaida liko mkononi mwa mwanafunzi. Jibu la la pili limo kwenye majalada ya idara ya majengo: milango, nyaya, king'ora, ngazi, aina ya godoro lililonunuliwa, na nani anakaa na funguo. Chuo kinachoeleza la kwanza kwa kirefu na kulinyamazia la pili kimejibu kwa niaba ya mtu mwingine.

Tuanze na moshi, maana ndio unaoua zaidi ya miale. Godoro la sponji likishashika, chumba kidogo huweza kufika ndani ya dakika chache hatua ambayo kila kilichomo kinalipuka kwa moto kwa mpigo mmoja. Kabla ya hapo moshi mzito, wenye gesi za sumu kama kaboni monoksaidi na hata sianidi inayotoka kwenye sponji yenyewe, umeshapita juu ya mlango na kutambaa darini mwa korido. Watu hudhani harufu itawaamsha. Haiwaamshi. Kaboni monoksaidi haina harufu, na aliyelala humzamisha zaidi. Kinachomwamsha mtu ni sauti, na kinachompa muda ni mlango uliofungwa. Mlango mzito unaojirudishia wenyewe ukifungwa huuzuia moshi kwa muda unaotosha ghorofa nzima kushuka kwa miguu. Mlango huohuo ukiwa umeegemezwa tofali ili chumba kipate hewa, au mkono wake wa kujirudishia uling'oka mwaka juzi na fomu ya matengenezo haijajibiwa, jiko moja la koili linakuwa msiba wa ghorofa.

Kuhusu sauti, mfano ninaourudia kila mara ni wa Chuo Kikuu cha Seton Hall, jimbo la New Jersey, Marekani. Alfajiri ya tarehe 19 Januari 2000, kochi katika ukumbi wa mapumziko wa ghorofa ya tatu ya bweni la Boland lilishika moto. Wanafunzi 3 wa mwaka wa kwanza walikufa na wengine zaidi ya 50 wakajeruhiwa. King'ora kililia kama kilivyotakiwa. Wapo waliojifunika blanketi wakaendelea kulala, kwa sababu katika muhula uliotangulia kilikuwa kimelia bure mara 18. Mtu uliyemtoa nje kwenye baridi ya usiku mara 18 bila sababu umemfundisha somo, na amelielewa. Bweni lenyewe lilikuwa la mwaka 1952, halina vinyunyizio vya maji darini, na sheria ya wakati huo haikuyalazimisha majengo ya zamani kuwa navyo.

Sasa angalia kilichofuata. Ule moto uliwashwa na wanafunzi wawili, kwa mzaha kama walivyosema wenyewe. Walikiri makosa mwaka 2006, na mwaka 2007 wakahukumiwa kifungo cha miaka 5. Kwa tabia ya vyuo vingi, hapo ndipo hesabu ingefungwa: wakosaji wamepatikana, wamefungwa, poleni wafiwa. New Jersey haikungoja. Julai 2000, miezi sita tu baada ya moto na miaka kabla ya mtu yeyote kusimama kizimbani, jimbo lilipitisha sheria ya kuweka vinyunyizio katika mabweni yote, mapya kwa ya zamani. Hakuna aliyekuwa ameshtakiwa bado kwa kushika kiberiti. Walichokuwa wanakijua ni kwamba kochi moja halipaswi kuua watu watatu, na hilo lilitosha kufanyia kazi.

Nadhani ndiyo maana hesabu ya ving'ora vya uongo inanisumbua kuliko kitu kingine chochote. Kila kinapolia bure, hiyo ni taarifa ya hitilafu: kuna kitambua moshi kilichowekwa karibu mno na bafu la maji ya moto, kuna waya unaogusana, au kuna kijana mtundu wa ghorofa ya pili. Vyote vinatibika. Njia ya mkato ni kukinyamazisha king'ora chenyewe. Ukifika kwenye kisanduku cha udhibiti pale mlangoni, chenye vitaa, utakuta taa ya njano inawaka usiku na mchana, na mlinzi atakwambia bila wasiwasi kwamba hiyo huwa inawaka tu.

Bweni nililokaa mimi nilipokuwa mwanafunzi lilikuwa na ngazi mbili. Moja tuliitumia. Ya pili ilikuwa na mnyororo uliozungushwa kwenye vishikio vya mlango mara tatu, na kufuli. Ufunguo alikuwa nao msimamizi, ambaye alilala upande wa pili wa uwanja. Sababu zilikuwa za maana: wezi, na wageni wa usiku. Mwaka wangu wa pili stoo ya ghorofa ya chini iliungua, tukashuka wote tukikohoa kwa ngazi ile moja, hakuna aliyeumia. Wiki iliyofuata tulibandikiwa orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku vyumbani. Mnyororo ulibaki. Na mimi, nikiri, sikuuliza. Nilikuwa na baiskeli iliyokaa salama chini ya ngazi ile iliyofungwa, na nilikuwa naipenda.

Nakumbuka hilo kila ninaposoma habari za Moscow. Usiku wa tarehe 24 Novemba 2003 moto uliteketeza bweni namba 6 la Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kile ambacho kizazi kizima kilikijua kwa jina la Patrice Lumumba. Walikufa wanafunzi 44. Wengi walikuwa wageni waliokuwa ndiyo kwanza wamefika, kutoka China, Vietnam, Bangladesh, Angola, Ethiopia na kwingineko, wamewekwa pamoja katika jengo hilo wakisubiri kupimwa afya. Hawakuwa wamejua lugha, na hawakuwa wamelijua jengo. Wengi walijirusha madirishani. Uchunguzi ulielekea kwenye umeme, lakini waliofikishwa mahakamani walikuwa baadhi ya viongozi wa chuo, kwa kukiuka kanuni za usalama wa moto. Huko nako hakuna aliyeridhika na jibu la waya.

Shule ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001, si chuo kikuu, lakini bweni ni bweni. Moto ule uliwashwa makusudi, kwa petroli. Hata hivyo wavulana 67 hawakufa kwa petroli peke yake. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Nondo huwekwa na mtu anayemwogopa mwizi, na nina hakika huziweka kwa nia njema kabisa.

Hofu ya mwizi inaeleweka, na haina haja ya mnyororo. Kuna milango inayofungwa kwa nje na kufunguka kwa ndani kwa kusukuma upau kwa tumbo au kiwiko, hata gizani, na unaposukumwa unapiga kelele zake mwenyewe hivyo mlinzi anajua. Si teknolojia ya mwezini. Chuo chenye pesa ya kuweka nondo kina pesa ya bawaba inayofanya dirisha moja kwa kila chumba lifunguke kwa ndani.

Lakini jibu ambalo vyuo hulipenda kuliko yote ni msako. Siku chache baada ya moto wasimamizi hupita chumba kwa chumba na magunia. Heta, majiko, birika, pasi, vyote vinakusanywa, vinapangwa juu ya meza ndefu, vinapigwa picha. Picha inasambazwa. Kazi imeonekana.

Nimewahi kusimama kando ya meza ya namna hiyo. Palikuwa na koili za kuchemshia maji zilizoota ukoko mweupe wa chumvi, ekstensheni iliyozungushiwa gundi ya karatasi badala ya tepu ya umeme, na jiko dogo ambalo mguu wake uliovunjika ulikuwa umebadilishwa na kifuniko cha kopo. Wenzangu waliangalia jiko, wakacheka. Mimi nilishikwa na plagi moja nyeupe iliyoyeyuka upande mmoja, rangi imekuwa kama ya chai ya rangi. Plagi haiyeyuki upande mmoja kwa sababu ya utovu wa nidhamu. Inayeyuka kwa sababu tundu la soketi limelegea, mguso ni hafifu, na joto linakusanyika pale pale kila siku hadi plastiki inasalimu amri. Soketi hiyo haikuwa mezani. Ilikuwa bado ukutani, chumba kilekile, ikisubiri plagi nyingine.

Hesabu yenyewe ni ya darasani. Soketi ya ampea 13 kwa umeme wa volti 230 inabeba wati 2,990. Birika la wati 2,000 na heta ya wati 1,500 vikichomekwa kwenye ekstensheni moja, umeshavuka. Na chumba kiliwekewa nyaya enzi ambazo mwanafunzi alikuwa na taa na redio, leo wanakaa wanne, kila mmoja na kompyuta na simu, soketi mbili. Saketi breka, ile swichi inayokata umeme mzigo ukizidi, inakatika mara nne kwa jioni. Wanalalamika, fundi anaitwa, naye ili kelele ziishe anatoa breka ndogo anaweka kubwa. Kelele zinaisha kweli. Kuanzia siku hiyo waya mwembamba ndani ya ukuta unabeba mzigo usio wake, na kile kitu kilichokuwa kikipiga kelele kwa niaba yake hakipo tena.

Msako una dosari nyingine, mbaya zaidi. Marufuku haijawahi kumshibisha mtu. Mwanafunzi anapika chumbani kwa sababu mgahawa umefungwa saa mbili, au ni ghali, au hana muda kati ya maktaba na usingizi. Ukimpokonya jiko atanunua jingine, dogo zaidi, hafifu zaidi, na sasa atalificha. Jiko lililo juu ya meza karibu na dirisha lina hatari yake. Jiko lililo chini ya kitanda, nyuma ya begi, limezungukwa na kila kinachowaka. Msimamizi anapiga hodi, kijana anachomoa waya na kulisukuma kabatini koili ikiwa bado nyekundu, kati ya mashati. Anafungua mlango akitabasamu. Kanuni imefuatwa.

Jiko la pamoja kwa kila ghorofa lingemaliza sehemu kubwa ya mchezo huu. Meza ya zege au chuma, soketi zenye nyaya zake zenyewe, swichi inayojizima baada ya nusu saa, kitambua joto badala ya kitambua moshi ili vitunguu visiamshe jengo zima. Gharama yake ipo, sikatai. Ila wahasibu wa vyuo huiweka pembeni wakailinganisha na sifuri, wakati upande wa pili wa mizani kuna paa la bweni.

Nirudi usiku wenyewe, kwa kuwa jibu la chuo linaanzia pale uwanjani, si kwenye tangazo. Ofisa wa zimamoto akishuka kwenye gari anauliza jambo moja: kuna mtu ndani? Msimamizi anafungua daftari. Daftari linasema chumba fulani kina wanafunzi wanne. Usiku huo kililala watu sita.

Wanafunzi wenyewe wanaita kubebana: mwenye kitanda anamsitiri asiye na kitanda, kwa siri, muhula mzima. Kila anayehusika na mabweni anajua jambo hili, na daftari linajifanya halijui. Sasa wale wawili wamesimama gizani ng'ambo ya uwanja, shuka mabegani, na hawaji kwenye mstari wa kuitwa majina kwa sababu majina yao ni kosa. Au hawakusimama popote, wamo ndani, na hakuna anayewatafuta kwa kuwa wanne wa chumba hicho wameitikia wote. Kuhesabu watu ni kazi nyepesi kuliko zote usiku wa moto, nayo ndiyo inayoharibika kwanza, kwa sababu ya kanuni iliyotungwa kulinda mapato ya vitanda.

Mshauri wa wanafunzi mwenye akili angeshika kipaza sauti dakika ile ile na kusema usiku huu kubebana si kosa, kila aliyelala jengo hili aje atamke jina lake. Kisha, na hapa ndipo vyuo hushindwa, angelitunza neno hilo kesho yake na mwezi ujao. Nimesikia habari za wanafunzi waliojitokeza usiku wakapata barua za nidhamu wiki ya pili. Chuo cha namna hiyo kimewapa wanafunzi wake somo la king'ora cha uongo kwa njia nyingine.

Asubuhi kunakuwa na mambo madogo ambayo si madogo. Tasnifu ilikuwa kwenye kompyuta iliyoungua. Vyeti vya sekondari vilikuwa kwenye begi. Miwani. Dawa za pumu. Kadi ya benki, na kitambulisho ambacho bila hicho huingii chumba cha mtihani, na mtihani ni Jumatatu. Kuahirisha mtihani ni uamuzi wa dakika tano ambao haununuliwi kwa pesa, lakini mara nyingi hutolewa kwa kuombwa, mwanafunzi mmoja mmoja, akiwa na barua ya kuthibitisha kwamba alikuwa akiishi pale. Halafu inakuja fomu ya madai ya mali, inayotaka risiti halisi. Risiti halisi zilikuwa chumbani.

Vyuo vinapojitetea kuhusu mali hutoa mkataba wa chumba, ule uliosainiwa siku ya kwanza, unaosema chuo hakitawajibika kwa upotevu wowote. Kisheria huenda kipengele hicho kina nguvu pale penye uzembe wa mwanafunzi. Pale mlango wa dharura ulipokuwa na kufuli la chuo, sioni mwanasheria mwangalifu angependa kukisoma kwa sauti mbele ya hakimu.

Kuna na utetezi wa jengo si letu. Siku hizi vitanda vingi viko kwenye hosteli za wawekezaji, chuo kinatoa wanafunzi na mwekezaji anatoa kuta. Tarehe 15 Novemba 2019, jengo la ghorofa 6 liitwalo The Cube huko Bolton, Uingereza, liliwaka moto uliopanda kwa kasi ya kutisha kwenye ukuta wa nje. Wakaazi wake walikuwa wanafunzi, jengo halikuwa la chuo. Zaidi ya 200 walitoka hai, na majeruhi walikuwa 2 tu.  Hata hivyo chuo ndicho kilichobeba kazi ya kutafuta vitanda vingine na kupokea michango. Kama jukumu linakuja kwako baada ya moto, ulikuwa na haki ya kuukagua ukuta kabla ya moto, na kukataa kupeleka majina ya wanafunzi kwenye jengo ambalo mwenyewe hataki likaguliwe.

Mwishoni inaundwa kamati. Inapewa hadidu za rejea na siku 14, zinakuwa miezi minne. Mimi hutazama jina la mwenyekiti kwanza. Akiwa ni mkuu wa idara ile ile iliyokuwa ikipokea fomu za matengenezo, naweza kukuandikia ripoti kabla hajaketi: elimu itolewe kwa wanafunzi, ukaguzi wa vyumba uongezwe, mitungi ya kuzimia moto ijazwe. Mtungi nao, katika vyuo vingi, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuushika, na ule wa korido ya juu una kadi ya ukaguzi ambayo sahihi ya mwisho imepauka na jua.

Ningekuwa mjumbe ningeomba kwanza daftari la matengenezo la miaka miwili, kabla mtu hajapata wazo la kulinakili upya. Mle ndimo moto wa chuo ulimoandikwa mapema: soketi ya chumba cha 214 inatoa cheche, mlango wa ngazi ya pili hausukumiki, taa za dharura haziwaki, king'ora kimelia usiku tena. Kila mstari una tarehe. Pembeni kuna nafasi ya kuandika kazi ilifanyika lini.

Marekani, tangu sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2008, chuo chenye mabweni lazima kitunze rejista ya moto iliyo wazi kwa umma, inayoonyesha kila moto ulitokea lini, wapi na wa aina gani, hata ule wa kikaango. Kila mwaka lazima kitoe ripoti ya usalama wa moto yenye idadi ya matukio na sababu zake, vifo na majeruhi, thamani ya mali iliyoteketea, kila bweni lina mfumo gani wa kugundua na kuzima moto, na mazoezi ya kutoka nje yalifanyika mara ngapi. Sheria hiyo haizimi cheche hata moja. Ila mzazi anaweza kulinganisha mabweni mawili kama anavyolinganisha ada, na mkuu wa idara ya majengo anajua kwamba sifuri kwenye safu ya mazoezi itasomwa na watu asiowafahamu. Popote ambapo hakuna sheria kama hiyo, hakuna kinachomzuia makamu mkuu wa chuo kuitoa ripoti hiyo kwa hiari yake. Serikali ya wanafunzi nayo, badala ya kugombana na msako kila mwaka, ingeweza kudai karatasi hiyo moja.

Baada ya miezi michache bweni hufunguliwa tena. Wapiga rangi hufanya kazi nzuri. Masizi ya darini yanachukua koti tatu na huwezi kujua. Wanafunzi waliokuwepo wamehamishwa au wamehitimu. Anafika wa mwaka wa kwanza na begi lake, chumba bado kinanuka rangi, anafurahi kwa kuwa ni kipya. Msimamizi anamkabidhi ufunguo, anamwonyesha bafu, anamwonyesha pa kuanika nguo, anamsainisha karatasi mbili za vitu vilivyokatazwa. Wanashuka pamoja kwa ngazi ya mbele. Wanapopita mwisho wa korido kijana anauliza ule mlango unaelekea wapi, na msimamizi, akitafuta kalamu yake mfukoni, anamwambia ule hautumiki.